Jina Lile Lina Mwenyewe

Mtoto alikuwa na siku themanini na sita, na bado hana jina. Ndiyo, mmesikia vizuri: themanini na sita! Pale Kasungami majirani walishachoka kuuliza. Wakaamua kumwita Bébé, na yeye mwenyewe, na mashavu yake hayo, akawa anamchekea kila anayemwita hivyo. Lakini komini, ile ofisi inayoandikisha watoto, haiandiki Bébé. Komini inakupa siku tisini za kumwandikisha mtoto, na zikipita unaingia katika mambo ya tribinali na mahakimu, karatasi juu ya karatasi, nenda rudi mpaka viatu viishe.

Mwenye kosa alikuwa mama yake, Céline Kapinga, na wala hakukana. Céline ni mwalimu wa darasa la kwanza, na mtu anayewafundisha watoto kuandika majina yao kwa mara ya kwanza maishani hawezi kuchagua jina ovyo ovyo. Mwaka ule alikuwa na Séphora watatu, kila mmoja na wazazi wake wanaoliandika kivyao. Alikuwa pia na Abigaëlle mmoja ambaye mpaka Noeli alikuwa bado anapigana na vile vidoti viwili, anafuta na kulia, analia na kufuta, mpaka daftari linatoboka. Céline alimhurumia yule mtoto kwelikweli. Akajiapia kwamba wa kwake atapata jina fupi, ambalo halijajaa mtaani, jina ambalo ataliandika wiki ya kwanza ya shule kisha akimbilie nje kucheza.

Basi orodha ikaanza. Dan? Jepesi, lakini ukiita Dan mtaani wanageuka sita. Clovis? Hilo ni la mjomba wake, na mjomba yule ana maneno. Kila jioni mumewe, Emery, ambaye anauza kwa jumla samaki wakavu wa Kasenga, alisomewa majina kabla hata hajavua viatu.

"Mwalimu," alimtania, "unamuchagulia mutoto jina, ao unasahihisha dikte ya banafunzi?"

"Nyamaza, kula."

Lakini tuseme ukweli, maana hapa hatudanganyani. Si herufi zilizomchelewesha Céline. Alikuwa anaogopa. Kabla ya huyu walitangulia watatu, wote wavulana. Wa kwanza alikuja mimba ikiwa na miezi saba, hakulia. Wa pili alitimiza miezi yake yote, naye hakulia. Wa tatu alilia vizuri, akanyonya, akakaa siku tisa, akaenda. Sasa huyu wa mashavu alikuwa amevuka siku tisa, akavuka hamsini, akavuka themanini, na kila asubuhi Céline alimkuta anapumua akasema aksanti Mungu wangu. Kumpa jina kulikuwa ni kusema kwamba huyu anabaki. Moyo wake haukuthubutu kusema hivyo.

Siku hiyo ya themanini na sita, Alhamisi, Emery alipiga moyo konde. Aliketi karibu na mkewe, akamchukua mtoto mapajani, akasema taratibu, "Céline, tuanze na moja."

Hapo inabidi nieleze kidogo. Emery ni Munande, watu wa Butembo, na kwao jina la mtoto halichaguliwi, linahesabiwa. Mvulana wa kwanza ni Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, na kuendelea. Emery mwenyewe ni Kambale, kwa sababu alizaliwa wa pili. Mtu wa kwao akisikia jina lako tu, anajua nyumbani kwenu ulikuja wa ngapi.

"Tumuite Paluku," alisema Emery. "Mutoto wa kwanza. Yale ya nyuma tuache nyuma. Umeteseka mingi, bibi yangu. Na Mapalo juu yake, kama unapenda."

Mapalo alilipenda. Ni baraka, kwa Kibemba, na jirani zake wa Kasungami hulisema vizuri, kama wanalionja. Akachukua chaki, akaandika kwenye kibao chake cha nyumbani: Paluku Mapalo. Kila herufi inasomwa kama ilivyo. Darasani kwake hakuwa na hata mmoja mwenye jina hilo. Alilitazama, akapumua kwa nguvu, na mchana ule akalala usingizi ambao hakuwa ameuona tangu azae.

Kesho yake asubuhi akaja mama mkwe wake, Mama Christiane, kutoka Bel-Air, anakokaa kwa mwanawe mkubwa. Kila Ijumaa alikuja kumwogesha mjukuu, na hakuruhusu mtu mwingine kushika sabuni siku hiyo. Ni mwanamke mfupi, mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Céline alimheshimu sana, na niseme tu, alimwogopa kidogo.

"Mama, mutoto amepata jina!"

"Mungu asifiwe! Ni nani?"

"Paluku. Paluku Mapalo."

Mikono ya Mama Christiane ikasimama ndani ya maji. Mtoto akaendelea kupiga mateke peke yake, maji yanaruka.

"Huyu haiko Paluku," akasema.

Céline alidhani ni ile Mapalo, kwamba mzee hataki Kibemba katika nyumba ya Wanande. "Mama, Mapalo ni baraka, ni jina ya..."

"Mapalo iko muzuri. Sina neno na Mapalo. Ni Paluku. Jina ile iko na mwenyewe."

"Mwenyewe gani?"

"Ule wa kwanza. Nilimubeba mimi."

Damu ikamchemka Céline. Siku ile, kwa mara ya kwanza, alimpandishia mama mkwe wake sauti. "Ule hakukuwa na jina! Hakulia hata mara moja, Mama! Mimi mwenyewe sikumuona!"

Na ilikuwa kweli, hakumwona. Siku ile alikuwa na homa kali, hajijui, na alipoamka mambo yalikwisha. Wa pili hivyo hivyo, walimpasua, akaamka kitanda kiko kitupu pembeni. Wamama wa ukoo walikuwa wamekata shauri kwamba ni heri asione, ili asije akashikwa na ile sura akashindwa kusahau. Ndivyo tunavyofanya, na tunafanya kwa upendo. Wakazika, wakanawa mikono, wakarudi na uji. Kwa miaka sita hakuna aliyefungua mdomo. Watu walimwambia tu, we ungali mudogo, utazaa. Na huyu alipokuja wakapiga vigelegele: hongera kwa mutoto wa kwanza!

Mama Christiane hakukasirika. Alimtoa mtoto majini, akamfunga kitambaa, akamweka mikononi mwa mama yake, halafu akaketi chini kwenye mkeka, jambo ambalo halifanyi kwa sababu ya magoti.

"Mwana yangu, kwetu mutoto hangoje kulia ndiyo apate jina. Akishapita mulango ya mama yake, anapewa. Na ule alipita. Nani atasema hakukuya?" Alipangusa mikono kwenye kitenge. "Nilimuita pale pale, mu sikio: Paluku. Wa pili nikamuita Kambale, sawa baba yake. Wa tatu nikamuita Kasereka; ule ulimujua, ulimunyonyesha. Kila asubuhi ninabataja mu sala, bote batatu. Sasa ukimupa huyu jina ya kaka yake, kaka yake atabaki nani?"

Céline alimsogeza mtoto kifuani. Alikuwa na swali moja ambalo amelibeba miaka sita, hajamuuliza hata Emery. Lilimtoka lenyewe.

"Alikuwa namna gani, Mama?"

"Paluku? Eh! Nywele! Nywele mingi mpaka bamama bote tulishangaa. Na vidole birefu, sawa vya baba yako. Nilimushika kidole kimoja mpaka tulipofika ku makaburi."

"Na... Kambale?"

"Ule alikuwa munene. Muzuri, muzuri sana. Na hapa," alinyoosha mkono akamgusa Céline kidevuni, "kashimo sawa hii yako. Nilimuvalisha ile kofia ya njano ulifuma."

Kofia ya njano! Jamani, Céline aliitafuta kofia ile miezi mizima. Alipekua mabegi yote, akamshuku hata mdogo wake kwamba ameigawa. Kumbe ilikuwa kichwani kwa mwenyewe, mahali pake hasa. Mwanawe hakwenda kichwa wazi. Akalia. Alilia kwa sauti, na Bébé naye akaona asipitwe, akaanza kulia, na Mama Christiane akawakumbatia wote wawili kwa mikono yake mikubwa yenye harufu ya sabuni.

"Nilikuwa ninaogopa utanichukia," alisema mzee, "juu nilibaona na we haukubaona."

"Nikuchukie? Ulibabeba, Mama. Ulibapa majina. Mimi nilifikiri balienda peke yao." Akashika ile mikono miwili, akaibusu kama mtoto. "Aksanti. Aksanti, Mama. Miaka sita ulibalinda peke yako!"

Emery aliporudi mchana akawakuta macho mekundu, wamekaa wote wawili mkekani, hata moto haujawashwa.

"Nani amekufa?"

"Hakuna," alijibu mama yake. "Ikala hapa chini. Na wewe, Kambale, mutoto yangu wa pili, kubwa yako anaitwa nani?"

"Paluku, Mama."

"Angekufa mudogo, ningekuita wewe Paluku?"

Emery alielewa mara moja, maana ni mtu wa kule, na aibu ikamshuka usoni. Alisema kwa sauti ndogo kwamba alitaka tu mkewe asiumie. Kisha yule bwana mkubwa, anayewafokea madereva wa Kasenga mpaka wanatoka jasho, akakaa mkekani akawalilia wanawe watatu. Hakuwa amewahi. Wala Céline hakumnyamazisha. Alimpa mtoto amshike.

Jumatatu, siku ya tisini kamili, walikuwa komini tangu asubuhi, kwenye benchi refu na watu wengi. Zamu yao ikafika. Karani hakuinua hata kichwa.

"Jina ya mutoto?"

Céline alisimama wima kama mbele ya ubao. Hakuogopa. "Kakule," alisema. "Kakule Mapalo."

Karani akaandika mara moja, hakuuliza mara mbili, akageuza ukurasa. Lakini nyuma yao, benchini, mama mmoja wa makamo aliyevaa kitenge cha kijani aliruka kama ameitwa yeye.

"Nimesikia Kakule? Mama, we ni wa Butembo?"

"Bwana yangu ni wa Butembo."

"Eeeh! Kakule!" Yule mama akapiga makofi, akamgeukia mwenzake aliye pembeni, akageukia benchi zima. "Mumuone huyu mwanamuke, vile angali mudogo, tayari ni mama ya bavulana banne! Bavulana banne, jamani! Mama, Mungu amekupenda!"

Benchi zima likacheka na kumpongeza. Emery akamwangalia mkewe haraka, tayari kuingilia kati, tayari kueleza. Céline akamshika mkono asiseme. Miaka sita alikuwa akingoja mtu mmoja tu amwite hivyo, na yeye hakujua kwamba anangoja.

"Ndiyo, mama," alijibu, machozi yanamshuka na meno yote nje. "Ni banne. Aksanti sana."