Kanda Moja ya Sabato

Mwaka wa tisini na sita nilikuwa na kinasa sauti kidogo chenye spidi mbili. Kwa spidi ya kawaida sauti ilitoka safi, lakini kanda ilijaa kwa saa moja. Kwa ile ya polepole kanda hiyohiyo ilibeba saa mbili, ila sauti ilififia.

Sabato hiyo mama yangu, Bochaberi, alipangiwa kuimba peke yake kanisani kwetu Suna. Nilikuwa na kanda moja tu, na sikujua zamu yake ingefika saa ngapi. Duka la Benta, jirani yetu Mkatoliki, lilikuwa wazi, lakini sisi Wasabato hatununui kitu Jumamosi mpaka jua litue. Nikaweka spidi ya polepole ninase ibada yote, nikajiona mwerevu.

Kanda hiyo ninayo hadi leo. Mahubiri yamo, matangazo yote yamo, hata kikohozi cha mhazini kimo. Mama naye anaimba kama mtu aliyejifunika blanketi; sauti inavuma tu, maneno hayashikiki. Mjinga mimi! Si ningezima wakati wa matangazo?

Mwaka uliofuata tulimzika. Wiki moja baadaye nilimwekea Benta ile kanda, nikamweleza kwa nini ilitoka vile. Alisikiliza mpaka wimbo ukaisha, kisha akanitazama.

"Mogire, ndugu yangu, si ungekuja tu uombe? Ningekupa kanda bure. Kwani kupewa ni kununua?"