Jina la Kusomewa Hitima

Alhamisi baada ya adhuhuri, Biubwa alikuwa uani kwake, mtaa wa Picha ya Ndege, akichambua mchele wa hitima ya ukoo, itakayosomwa kijijini Kurui Jumapili. Akaingia mzee mweusi mwenye wigi jeupe na koti la mahameli, fidla kwapani. Alikuwa amekufa miaka mia mbili na thelathini iliyopita.

"Shikamoo, babu," alisema Biubwa, akamsogezea kigoda.

"Marahaba, mjukuu wangu. Nimekuja niandikwe."

Alitekwa Kurui akiwa na miaka saba, akauzwa hadi Ulaya. Huko alimtungia kabaila mmoja muziki kwa miaka arobaini, na kabaila akatia sahihi yake kila karatasi. Mwizi wa kuku huku hupigwa mpaka afe. Yule alijengewa sanamu.

Seifu, mdogo wake Biubwa, ndiye aliyeshika daftari la majina ya marehemu wa ukoo. "Jina lako, babu?"

"Waliniita Kastori. Lilikuwa la mbwa wa bwana. Mbwa alikufa wiki niliyofika."

Seifu akaweka kalamu chini. "Hatumsomei mtu hitima kwa jina la mbwa. La nyumbani je?"

"Walinichapa mpaka likanitoka."

Biubwa akataka kujua kama kweli ni wa ukoo. Mzee akapiga fidla. Ulikuwa wimbo ambao Biubwa huwabembelezea wajukuu, aliopokea kwa mama yake. Pale mama anapotaja jina la mtoto, mzee aliinua upinde, akapaacha patupu, akaendelea.

"Hapo mama alikuwa ananitaja," alisema.

Seifu akautafuta wimbo huo kwenye simu kwa jina la kabaila. Ulikuwepo, ukipigwa na okestra nzima, na pale penye jina palikuwa kimya. Maelezo yaliusifu ukimya huo: ubunifu wa kabaila, usio na mfano.

"Washenzi hawa!" Biubwa alisema, ungo ukamponyoka. "Washenzi wakubwa!" Alilia kwa hasira huku akiokota mchele.

Jumapili, Kurui, maalimu Mwinyijuma alisoma majina yote ya daftarini, kisha akauliza kama yupo marehemu aliyesahauliwa. Mzee wa fidla akanyoosha mkono.

"Tumsomee nani, mzee wangu?"

Mzee akafikiri. Watu wakamsubiri kwa adabu, hata watoto wakatulia.

Akaushusha mkono. Ikasomwa Fatiha, pilau likapakuliwa, naye akapewa sahani yake.