Alisema Moto

Kiwandani walimwita Ndiyo, kwa sababu ndilo neno pekee la Kiswahili alilolimudu. Ukimwuliza kama ameshakula, ndiyo. Ukimwuliza kama yeye ni mbuzi, ndiyo, watu wanaangua kicheko naye anacheka nao. Alikuwa mgeni, ametoka nchi nyingine na mkewe, na kazi yake ilikuwa kukata sponji za magodoro. Mkono wake haukukosea hata unywele.

Siku hiyo, saa nne asubuhi, cheche ziliruka kutoka kwenye mashine ya kushonea zikaangukia sponji. Sponji haingoji kupulizwa. Kufumba na kufumbua jengo zima likawa moshi mweusi, watu wanakanyagana mlangoni. Msimamizi, aliyefanya kazi pale miaka kumi na tisa, aliwapanga nje akawaita kwa orodha. Thelathini na mmoja, wote wapo. Akashusha pumzi.

Ndipo Ndiyo akamkamata shati. "Moto! Moto azali na kati!"

"Naona, ndugu yangu. Moto uko katikati?"

"Ndiyo! Ndiyo! Moto!" Alikuwa analia, anaonyesha jengo, anajipiga kifua.

Msimamizi akawapigia kelele wenye mipira ya maji: "Katikati! Mwageni katikati, kwenye mashine!"

Ndiyo akaponyoka kuelekea mlangoni. Wanaume wawili walimwangusha wakamkalia, wakimwambia atulie, asijiue kwa ajili ya magodoro ya tajiri.

Mama mmoja mfagiaji walimkuta amekufa saa tisa alasiri, nyuma kabisa, kwenye chumba cha vitambaa. Alikuwa kibarua wa kutwa. Jina lake halikuwa kwenye orodha yoyote.

Kesho yake msimamizi alikwenda kwa Ndiyo. Mlango ulifunguliwa na mkewe, ambaye huuza sabuni sokoni na Kiswahili anakijua.

"Shemeji, jana alikuwa ananiambia nini?"

Mwanamke alitazama sakafu. "Kwetu moto ni mtu. Alikuambia kuna mtu ndani."

"Na moto huu unaochoma, mnauitaje?"

"Karibu vilevile. Kinywa kinafunguka zaidi, na sauti inapanda. Wewe usingesikia."

Ndiyo alikuwa amekaa kitandani, ameupa mlango mgongo. Hakugeuka.

Ofisini meneja alikuwa ameshaandaa taarifa: hakuna aliyeripoti kwamba mtu amebaki ndani. Ilibaki saini tu. Msimamizi aliisoma mara mbili, akafuta mstari ule, akaandika kwa mkono wake: *Niliambiwa. Sikuelewa.*

"Unajichimbia kaburi, mzee," meneja akasema.

"Kaburi limeshachimbwa. La mwenzetu."

Alifukuzwa kazi kabla ya saa sita.

Alikwenda msibani moja kwa moja. Mume wa marehemu, fundi viatu, alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Ulimwuliza mara ngapi?"

"Mara moja."

"Mara moja." Yule fundi alitazama viganja vyake, vyeusi kwa rangi ya viatu. "Na yeye alikujibu mara ngapi?"

Msimamizi alivua viatu.

Hakuna aliyemfukuza, wala hakuna aliyempisha kiti. Alikaa chini, karibu na viatu vya watu, mpaka jua likazama.