Semina Iliyofanyika kwa Beatha

Mke wangu Kunigunda ni mtu wa kuongea. Anaongea na kuku. Anagombana na jiko la mkaa likichelewa kuwaka. Mimi ananiongelesha hata nikiwa nimevaa miwani ya kuchomelea na mashine inanguruma. Sasa fikiria nilivyoshangaa niliposikia kwamba anaweza kufelishwa kwa kosa la kukaa kimya.

Anasomea shahada ya ualimu akiwa hapa hapa Mbinga. Vitabu viko ndani ya simu, mhadhiri yuko ndani ya simu, na ada tu ndiyo inatoka nje ya simu. Kila Jumamosi saa tisa alasiri anaketi kwenye kochi, anavaa spika za masikioni, semina inaanza. Mhadhiri ni Daktari Ambokile, kijana wa Rungwe, mchangamfu sana. Anauliza swali, kisha anasubiri. Anasubiri mpaka unamwonea huruma.

"Jamani, mnanisikia?"

Kimya.

"Mtandao upo?"

Kimya. Basi anajijibu mwenyewe, anajisifu kwa jibu zuri, anaendelea.

Siku moja nilimwuliza mke wangu, "Jibu hulijui?"

"Nalijua."

"Sasa?"

"Mwalimu Mkuu yumo."

Hapo nikaelewa. Kikundi chao kina watu watano, na wote wanafundisha shule moja ya msingi hapa mjini. Mwalimu Mkuu wao, Bi Restituta, mama wa Bukoba mwenye sauti ya kuita watoto kutoka kata ya jirani, naye anasoma shahada hiyo hiyo. Semina ya kwanza Bi Restituta alikosea jibu, Kunigunda akalipatia. Jumatatu Kunigunda akapangiwa zamu ya wiki nzima. Jumatatu iliyofuata akapangiwa tena. Wenzake wakaona. Iddy wa Kondoa akaona, Praygod wa Rombo akaona, Beatha wa Ngumbo akaona. Tangu siku hiyo wadogo hawasemi kwa kumwogopa mkubwa, na mkubwa hasemi asije akakosea tena mbele ya wadogo. Watu wazima watano wamezima kamera, wamezima maiki, wananunua bando kwenda kusikiliza kimya.

Mhadhiri akachoka. Akaandika ujumbe kwamba kwenye semina ya mwisho kila mtu atasema kwa mdomo wake na kutetea hoja yake. Atakayenyamaza haruhusiwi kufanya mtihani, na mwaka atarudia.

Kwetu hilo lilikuwa janga, kwa sababu mama mkwe wangu kule Litumbandyosi alishachagua kitenge cha sare ya mahafali na ukoo mzima ulishashona. Mashangazi wengine walishaanza kuivaa kanisani. Nilimwambia, "Mama, huyu hajafanya hata mtihani." Akanijibu, "Kumbe wewe ndiye unayemwombea mabaya."

Jumamosi ya semina ya mwisho ikaangukia siku ambayo walimu walipanga kwenda Ngumbo kumwona Beatha, aliyekwenda kujifungulia kwa wazazi wake. Mimi nina pikapu ya kubebea mageti. Siku hiyo nikabeba walimu. Mbele alikaa Mwalimu Mkuu, mke wangu katikati. Nyuma Iddy na Praygod, pamoja na beseni, sabuni, unga wa ulezi na ndizi. Tulipoanza kuteremka milima na ziwa likatokea kule chini, Iddy akaanzisha wimbo na Praygod akamwitikia kwa sauti mbaya kabisa. Mbele hakuna aliyesema neno. Mke wangu alikaa kama mtu anayesubiri kuungama.

Mpango ulikuwa mwepesi: wamwone mtoto, wale, halafu kila mtu achukue simu yake atafute kona yake ufukweni.

"Shikamoo Mwalimu Mkuu," Beatha alisema.

"Marahaba mwanangu. Hongera sana. Hebu mlete huyo mtu nimwone. Eh, pua ya baba yake! Pole."

Tukacheka. Simu zetu zikapelekwa chumba cha ndani kuchajiwa kwenye betri ya sola, chakula kikaletwa sebuleni, ugali wa muhogo na samaki mbasa wa kuchemsha. Saa tulikuwa tunaangalia kwenye simu ya Beatha iliyolala pembeni ya mtoto.

"Saa nane na dakika tano," Iddy alisema. "Muda tunao. Beatha, ongeza mchuzi."

Simu ile, bila kumwambia mtu, ilikuwa imenasa mtandao wa ng'ambo ya ziwa ikajipangia saa za Malawi, zilizo nyuma yetu kwa saa moja. Tukiwa tunanyonya mifupa, simu za ndani zikaanza kulia kwa pamoja. Praygod akaenda kuchungulia, akarudi amezikumbatia zote kifuani.

"Jamani! Saa tisa na dakika kumi! Daktari yuko hewani, anauliza kama tumekufa!"

Nani tena angetafuta kona? Kila mtu alikamata simu yake pale pale kwenye mkeka. Mikono ilikuwa na mchuzi. Bi Restituta alibonyeza yake kwa kifundo cha kidole.

"Karibuni," Daktari Ambokile akasema, mara tano, kutoka simu tano. "Leo kabla ya mjadala tunacheza. Nimetuma linki. Fungueni, andikeni jina la uongo, lolote lile. Hata mimi sitajua nani ni nani. Mwenye kupatia haraka anapata pointi nyingi."

Iddy akaniangalia. Akajisogeza karibu.

"Shemeji, na wewe ingia."

"Mimi na shahada wapi na wapi?"

"Si jina la uongo? Nani atajua?"

Akanitumia linki. Nikaingia. Nikajiita Mnyama.

Maswali yalikuwa ya Kiingereza, nami shule niliiacha darasa la sita. Lakini majibu yalikuwa na rangi: nyekundu, bluu, njano, kijani. Mimi ni shabiki wa Simba tangu tumboni, timu ya wekundu. Njano na kijani sibonyezi hata ukiniwekea panga. Bluu siijui ni ya nani. Kwa hiyo nilibonyeza nyekundu, na swali la pili nyekundu, na la tatu nyekundu.

Kila swali likiisha, simu inaonyesha msimamo kama wa ligi. Wa kwanza Radi. Wa pili Kahawa Chungu. Wa tatu Mama Mia. Wa nne Mti Mkavu. Wa tano Malkia. Wa sita, sifuri, Mnyama.

Ungewaona! Watu waliokaa kimya muhula mzima sasa wanazificha simu kama wacheza karata. Beatha ananyonyesha kwa mkono mmoja, anabonyeza kwa mwingine. Praygod anauma mdomo. Kunigunda amepiga magoti. Bi Restituta, miwani imemshuka mpaka kwenye ncha ya pua, anasema peke yake, "Subiri, subiri, subiri wewe!"

"Nani Radi?" Iddy akauliza.

"Siyo mimi," walisema wote.

"Mti Mkavu amepanda! Mti Mkavu yuko wa pili!"

"Radi ameshuka! Mungu hamfichi mnafiki!"

"Beatha, mtoto anadondoka!"

"Hadondoki, ameshika!"

Mnyama alibaki wa mwisho. Swali la sita, sifuri. La saba, sifuri. Praygod akanong'ona, "Huyu Mnyama ni nani jamani? Mbona hapati hata kwa bahati?" Nikaona macho yao, moja moja, yanateleza kuelekea kwa Bi Restituta, kisha yanakimbilia dirishani. Iddy mabega yalianza kumtetemeka. Beatha alijifunika khanga usoni. Mke wangu alikuwa anatazama dari, machozi ya kicheko yanamtoka, na kinywa amekifunga kama mtungi.

Bi Restituta akawaona.

"Mnaniangalia nini? Mnadhani Mnyama ni mimi? Mimi ni Malkia! Mimi ni wa tano!"

Maiki zote zilikuwa wazi. Sauti yake ikaingia kwenye simu tano na kutokea kwenye simu tano. Wa tano! Wa tano! Wa tano! Chumba kizima kikaitangaza nafasi ya Mwalimu Mkuu.

"Nani wa tano?" Daktari Ambokile akauliza.

Kisha Bi Restituta akaanza yeye. Kicheko kilianzia tumboni, kikapanda, miwani ikaanguka kwenye bakuli la mchuzi, na ikawa ruhusa. Praygod alilala chali. Iddy alikimbilia nje akarudi. Mtoto aliamka, akalia, hakuna aliyemsikia.

"Nawasikia!" Daktari alikuwa anapiga kelele. "Jamani nawasikia! Msizime maiki! Mjadala uanze hivyo hivyo! Swali langu ni hili, na jibuni hata kwa Kiswahili. Darasa zima limekaa kimya. Kosa ni la nani?"

Iddy alisema kosa ni la somo. Praygod akamwambia hiyo ni hoja ya mtu asiyeandaa somo, na kila mtu shuleni anajua. Beatha akasema kosa ni la njaa, mtoto mwenye njaa hajibu maswali, naye ana ushahidi mapajani. Daktari anacheka na kuandika. Bi Restituta akafuta miwani yake kwa kitenge na kusema, kwa sauti ya mstarini, "Kosa ni la mwanafunzi. Mwanafunzi aliyejiandaa hanyamazi."

"Safi sana. Bado mtu mmoja," Daktari akasema. "Kunigunda. Upo?"

Kicheko kikakatika. Mke wangu alishika simu kwa mikono miwili. Nilimjua. Jibu alikuwa nalo, na lilikuwa limesimama upande wa pili wa lile la Mwalimu Mkuu, kama siku ile ya kwanza.

"Kunigunda? Nikikukosa leo, mtihani sitaweza kukuruhusu."

Nikamfinya.

"Usinifinye, Baba Victor!" akafoka, na hilo nalo likatoka simu tano. Kwa kuwa mdomo ulishafunguka, haukufungika tena. "Daktari, mwanafunzi amejiandaa. Ananyamaza kwa sababu siku ya kwanza alijibu, na alipojibu alipewa zamu wiki mbili mfululizo."

"Zamu? Sijaelewa. Una mfano?"

"Mfano ninao. Amekaa hapa karibu yangu, anafuta miwani."

Praygod akasema, "Yesu na Maria."

Bi Restituta aliweka miwani chini. "Zamu zipi?"

"Za muhula huu ulipoanza, Mwalimu Mkuu. Nilikurekebisha Jumamosi, Jumatatu jina langu likawa ubaoni. Na Jumatatu nyingine tena."

"Wewe Kunigunda! Zile nilikupa kwa sababu wakaguzi walikuwa wanakuja! Nani mwingine angeisimamia shule ile? Iddy? Iddy akiwa zamu shule inageuka mnada!"

"Mwalimu Mkuu, tuko hewani," Iddy akalalamika.

"Kaa kimya. Kunigunda, ulidhani nakukomoa?"

"Ningejuaje? Hukusema!"

"Na wewe hukuuliza!"

"Ningekuulizaje? Wewe si ndiye Mwalimu Mkuu?"

"Kwani Mwalimu Mkuu anauma?"

"Anauma!" walisema watatu kwa pamoja, na hata mtoto aliacha kulia kuangalia kuna nini.

Bi Restituta aliwatazama mmoja mmoja. Nilifikiri sasa tunarudi Mbinga kwa miguu. Akamgeukia mke wangu, akasema taratibu, "Na mimi niliwanyamazia kwa kuwaogopa ninyi. Siku ile ulivyonirekebisha, nilisema huyu akinirekebisha tena, nitatembeaje kwenye korido?"

"Hapo hapo!" Daktari akapaza sauti. "Hapo hapo, msiache! Kunigunda, kwa hiyo kosa ni la nani?"

"La wote wawili, Daktari, mwalimu na mwanafunzi. Kila mmoja anamwogopa mwenzake, hasemi. Nikifundisha darasa la tano nafanya hivyo hivyo, mtoto akikosea wenzake wanamcheka nami nacheka nao. Kesho wote ni mabubu, halafu naandika kwamba darasa ni zito."

"Alama zako kamili. Mtihani unafanya. Wote watano mnafanya." Wakapiga vigelegele mpaka kuku wa baba yake Beatha wakaruka. Mke wangu alinishika shingo na mikono yake ya samaki. "Ila majina yalikuwa sita," Daktari akaendelea. "Huyu Mnyama wa sifuri, sauti yake sijaisikia."

Iddy akakohoa. Wote wakageuka, wakaniona na simu yangu.

"Daktari," nikasema kwenye simu ya mke wangu, "mimi ni mume. Nilikuwa nabonyeza nyekundu."

"Kila swali? Kwa nini?"

"Njano na kijani ni Yanga."

Alicheka mpaka picha yake ikaganda. Iliporudi akasema sawa, basi atanifuta kwenye msimamo.

"Usimfute!" Bi Restituta alilia, ameinua mikono yote miwili. "Daktari, nakuomba, mwache hapo hapo chini yangu!"

Saa kumi ikapita, saa kumi na moja ikaingia, Daktari anaaga na hawamruhusu. Ana darasa jingine, wanasema lisubiri. Kunigunda alikuwa amefika kwenye ratiba ya zamu, kwamba ipangwe na walimu wote mezani, Bi Restituta anapinga, Praygod anaunga mkono nusu, Beatha anataka wanaonyonyesha waondolewe kabisa. Mwishoni chaji ya Daktari iliisha, uso wake ukapotea kwenye simu tano kwa mpigo.

Kunigunda akaiweka simu kwenye mkeka, akamvutia Mwalimu Mkuu sahani ya samaki.

"Enhe," akasema, "tulikuwa tumefikia wapi?"