Swali la Dirishani

Kipini alikuwa na mimba ya miezi mitano, na hakuna aliyechelewa kujua kuliko yeye mwenyewe.

Kipini halikuwa jina la kuzaliwa. Zamani alivaa kipini cha dhahabu puani. Unga wa kulevya ulipomkolea akakiuza, likabaki tundu na jina. Sasa alikuwa mwaka wa pili kwenye dawa ya kuachia unga. Kila asubuhi alipanga foleni kliniki, akapewa kikombe dirishani, akanywa mbele ya muuguzi, kisha akatakiwa aseme neno lolote ili ijulikane amemeza. Kutoka hapo alikwenda kwa dobi kupiga pasi mashuka ya nyumba za wageni.

Alivumilia yote hayo kwa ajili ya binti yake, aliyelelewa na dada mtu tangu ananyonya. Binti alimwita dada "mama", na Kipini aliitwa "mama mdogo". Dada hakujaliwa kuzaa. Siku moja, akichambua mchele, alisema bila kuinua macho:

"Shule zikifungwa mchukue mwanao, mdogo wangu. Umepona, naona. Ila usiniletee tumbo jingine. Ukilileta, huyu ni wangu, na tusisumbuane."

"Tumbo litoke wapi, dada?"

Hakuwa anadanganya. Unga ulimkata damu ya mwezi miaka mingi, na hata alipoanza dawa haikurudi. Benchi zima la wanawake wa kliniki liliamini hivyo: tumbo lililokauka halishiki. Wengine waliongeza chumvi, eti kijiti cha kuzuia mimba wakikuwekea mkononi kinatembea mpaka moyoni. Kipini hayo ya moyo aliyacheka. Alijiwekea ahadi yake: damu ikirudi tu, siku hiyohiyo anaweka kijiti.

Na kusema kweli, angeweka hata kabla. Kilichomshinda ni dirisha. Kina mama wengine wa kliniki hiyo waliulizwa mambo ya uzazi chumbani, wamepewa kiti, pazia limeshushwa. Wanawake wa dawa waliulizwa palepale dirishani, wanaume wamejipanga nyuma yao, kama mtu anayeulizwa iwapo mbwa wake amechanjwa.

"Wewe, umeweka kijiti?" muuguzi alipaza sauti. "Au unataka kutuletea mtoto mwingine wa kutetemekea dawa wodini?"

"Kiwanda kilishafungwa, sista," Kipini akajibu. "Hata mlinzi kaondoka."

Foleni ikaangua kicheko. Tangu hapo kila akiulizwa jibu lilikuwa hilo, na likawa ndilo neno lake la kuonyesha amemeza. Ukishawachekesha watu kwa jambo, kuwarudia na kuwaambia ulikuwa unatania ni kazi kubwa. Angeanzaje, mbele ya walewale, kusema anataka kijiti kwa sababu ana mwanamume?

Maana alikuwa naye. Fundi baiskeli, mtu wa foleni hiyohiyo, mpole, mikono haitoki grisi. Walikutana mchana, nyuma ya kibanda chake, na hakuna aliyemuuliza mwenzake kitu.

Kichefuchefu kilipoanza, Kipini alilaumu dawa. Tumbo lilipojaa akalaumu dawa tena, kwani kufunga choo ni desturi yake. Dobi, mama wa watoto saba, ndiye aliyeweka pasi chini akamtazama ubavuni.

"Mwanangu, hicho si choo. Choo hakipigi teke."

Siku hiyo Kipini alirudi kliniki, na kwa mara ya kwanza alikalishwa chumbani na pazia likashushwa. Muuguzi alimpima, akanawa mikono, akaketi.

"Yai hutangulia, damu hufuata," alisema. "Ulikuwa unamngoja wa pili, wa kwanza kashapita. Na dawa usiiache hata siku moja, utamuumiza mtoto."

"Mbona hamkuniambia?"

"Nimekuuliza mpaka nimechoka, wewe ukawa unachekesha watu."

"Uliniuliza dirishani."

"Ulitaka nikuulizie wapi?"

Kipini akagusa kiti alichokalia. "Hapa."

Muuguzi akaita mwingine.

Fundi alipoambiwa alikuwa anaziba pancha. Aliendelea kuziba.

"Si ulisema kiwanda kimefungwa? Nilikuwa nyuma yako kwenye foleni, nilisikia kwa masikio yangu."

"Nilikuwa namjibu yule sista."

"Sasa mimi ningejuaje?"

Dada hakupiga kelele. Alimkaribisha, akamtazama tumbo, akamtuma binti nje akacheze. "Nilikwambia nini?" akauliza, taratibu kabisa, na Kipini akaona jambo ambalo hakuwahi kuliona: dada yake alikuwa amepumua, kama mtu aliyetua mzigo.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Kipini alificha, na akazaa.

Alizaa mvulana, aliyetetemeka na kulia wiki tatu wodini kabla ya kuruhusiwa. Fundi alihamia kliniki nyingine na kibanda akakifunga. Dobi alisubiri, akachoka, akaajiri mtu mwingine. Shule zilipofungwa hakuna aliyehama. Zilipofunguliwa, binti aliandikishwa kwa jina la mume wa dada. Kijiti Kipini aliwekewa wodini, siku ya pili baada ya kujifungua, na safari hii hakuna aliyemuuliza.