Maneno ya Bi Thuraya, Kama Alivyoyasema

Mtu mmoja tu ndiye aliyemfanya Bi Thuraya awapende wanasiasa wa Marekani, na mtu huyo ni mimi. Naanza kwa kukiri, maana katika kisa hiki kila mtu alichelewa kukiri, na mimi nilichelewa kuliko wengi.

Naitwa Tumu, kwetu Wete, Pemba. Huu mwaka wa nane namfanyia kazi Bi Thuraya hapa Ibra, Oman. Kupika, kufua na kumpima presha yamo kwenye mkataba. Ambalo halimo ni kuyapiga pasi maneno yake. Bi Thuraya alizaliwa Unguja, akaletwa Oman msichana, akasomesha hesabu shule ya wasichana miaka thelathini, na ulimi wake haujastaafu mpaka leo. Akija fundi wa Kihindi asiyejua Kiswahili wala Kiarabu, Bi Thuraya huniambia, "Mwambie huyu, mfereji alioutengeneza jana leo unavuja. Ufundi alijifunza wapi, usingizini?" Mimi namwambia fundi kwa Kiingereza, "Bibi anakushukuru, ila ukipata nafasi utazame tena kidogo." Fundi anatabasamu, mfereji unatengenezwa, nyumba inakaa kwa amani. Kiingereza hicho nilikipata hotelini Nungwi, miaka mitano ya kuwaambia wageni kwamba maji ya moto yanakuja sasa hivi.

Na mwaka huu nilikuwa na sababu ya kutaka amani kuliko miaka yote. Mwanangu Saliha anaolewa Desemba. Mwaka juzi Bi Thuraya aliniahidi kwa mdomo wake kwamba mwakani nitakwenda kwetu miezi miwili. Mwakani ukaja, ukapita. Kila nikianza kuitaja safari, atanitajia magoti yake, au binamu yake wa Sur, au joto. Nikajisemea, Tumu, usimuudhi tu mpaka Desemba, utamuoza mwanao kwa macho yako.

Basi Jumatano moja ya Oktoba tulikuwa tunatoka sokoni, soko letu la Jumatano ambalo ni la wanawake watupu. Nje alisimama kijana wa kiume, kamera begani, jasho linamtiririka, anakatazwa kuingia kwa mara ya tatu. Jina lake Iqbal, Mmarekani ambaye wazee wake wametoka Karachi, mwandishi wa tovuti moja ya habari ya huko kwao. Uchaguzi wao ulikuwa wiki chache mbele, na ametumwa kuuliza watu wa nchi za mbali wanauonaje. Kiarabu chake kilikuwa cha sala tu. Bi Thuraya akamhurumia, na mwanawe Ghanim, aliyekuwa anatungoja garini, akamkaribisha nyumbani kwa kahawa.

Alipokwisha kula tende, Iqbal akawasha kinasa sauti. Akauliza, Bibi ana ujumbe gani kwa wagombea wa Marekani? Nikafasiri. Bi Thuraya akaweka kikombe chini.

"Mwambie, wagombea wake mimi siwajui na wao hawanijui. Lakini nnawaona kwenye televisheni. Mtu anaulizwa, ulichoahidi mara ile kiko wapi? Anajibu habari za mama yake alivyomlea. Na mwandishi anamwambia ahsante! Wallah, ahsante ya nini? Mimi mtoto nikimuuliza saba mara nane, akanieleza habari za mbuzi wao, simwambii ahsante. Namuuliza tena saba mara nane. Hapa kwetu mtu akivuruga zamu ya maji ya falaj, mtaro wa kumwagilia mashamba, watu watamwendea mlangoni mpaka aseme kwa nini. Basi na nyinyi waandishi muulizeni swali lile lile mpaka ajibu. Kama hamuwezi, wekeni kamera chini mkauze vitunguu. Mwambie hivyo hivyo, usipunguze."

Akatabasamu, maana Bi Thuraya akishamsema mtu uso wake wote hupata raha. Iqbal akawahi kumpiga picha na tabasamu hilo, kisha akanigeukia na kalamu yake.

Nikamwambia kwamba Bibi anawapenda wagombea wote wawili. Kwamba anawatakia kheri, anavutiwa na jinsi mama zao walivyowalea, na anawashukuru sana waandishi kwa kazi yao ngumu.

"Hayo tu?" akauliza Iqbal. "Mbona amesema mengi?"

"Kiswahili ni kirefu," nikamjibu.

Siku mbili tatu baadaye akanitumia habari yenyewe kwenye simu. Kichwa chake: Bibi wa Oman Anayewapenda Wote Wawili. Chini yake picha, Bi Thuraya anang'aa kama bi harusi. Alipotaka nimsomee, nikamsomea kwa Kiswahili maneno yake mwenyewe, na mbuzi wake na vitunguu vyake, huku macho yangu yako kwenye mistari mingine kabisa. Alifurahi mpaka nikapata ujasiri.

"Bi, kuhusu ile safari ya Desemba..."

"Magoti leo yananiuma, mwanangu," akasema.

Alhamisi mjukuu wake Nahla akarudi kutoka Nizwa anakosoma chuo. Nahla ni mtoto mzuri, kazaliwa hapa hapa, Kiswahili chake kinachechemea lakini Kiingereza chake kimenyooka. Akaifungua habari kwenye simu yake, akasoma, akatazama picha, akasoma tena.

"Bibi, hii maneno ni yako? Hapa wanasema wewe unawapenda wote. Ya'ni, wote wawili! Na unasema shukran kwa waandishi."

"Mimi?" Bi Thuraya akasimama bila ya fimbo, magoti yote yamepona. "Mimi niwashukuru? Yule kijana kala tende zangu, kanywa kahawa yangu, kenda kunifanya mpambe wa wanasiasa! Sasa nimefahamu kwa nini binamu yangu wa Sur jana alikuwa ananicheka kwenye simu. Nahla, andika. Mwandikie mkubwa wake."

Kwa bahati nzuri au mbaya, hakunipa mimi kazi hiyo. Nahla aliandika kila neno, hata vitunguu. Mimi nilikuwa nimesimama na sinia la vikombe, nikasikia barua inaondoka na ule mlio wake mdogo, nikanyamaza.

Ijumaa mhariri akajibu. Wanachunguza, na kwa sasa Iqbal ameondolewa kwenye habari zote za uchaguzi, hata mkutano wa seneta mmoja na waandishi aliokuwa ameusubiri kwa muda mrefu. Bi Thuraya akapiga makofi. "Hivyo ndivyo! Mwandishi naye aulizwe." Dakika hiyo hiyo simu yangu ikatetemeka mfukoni. Nikaisomea jikoni.

"Dada Tumu, nimekisikiliza tena kinasa sauti. Nimeandika kama ulivyoniambia. Nimefahamu vibaya mahali? Kama kosa ni langu, tafadhali niambie, nimwombe radhi Bibi."

Wali ukaungua mbele yangu nikiutazama. Kijana wa watu anataka kuomba radhi kwa kosa langu. Nikinyamaza, Bi Thuraya atabaki na furaha yake na mimi huenda nikapata tiketi. Nikisema, harusi ya Saliha nitaitazama kwenye simu, na huenda na kazi isiwepo. Siku ile niliona haya ambayo sijawahi kuyaona, na haya yale yakaushinda woga. Nikaenda ukumbini na harufu ya wali ulioungua nyuma yangu.

"Bi, Iqbal hakukosa. Niliyeyageuza maneno ni mimi. Na siku ile nilipokusomea, hayakuwa yale yaliyoandikwa."

Bi Thuraya akanigeukia. "Kwa nini?"

"Mgeni alikuwa kachoka na jua, Bi, nikaona..."

"Sikukuuliza jua. Kwa nini?"

"Kiingereza changu cha hotelini, maneno mengine..."

"Sikukuuliza Kiingereza. Kwa nini, Tumu?"

Hapo nikapandwa na hasira, na hasira yenyewe sijui ilikuwa imelala wapi miaka minane. "Kwa sababu yanatoka mdomoni mwangu! Ukisema wewe, watu wanasema huyo ndiye Bi Thuraya, basi. Nikisema mimi naonekana mtumishi asiye na adabu. Fundi anamtazama nani? Ananitazama mimi. Na nataka kwenda kumuoza mwanangu, na wewe nakuogopa, kila siku nakuogopa!"

Nahla aliacha kutafuna. Bi Thuraya akaupanga vizuri mtandio wake mapajani, jambo analolifanya akiwa amepata jawabu ambalo hakulitegemea.

"Haya," akasema mwishowe. "Mpigie kijana. Leo utayasema yote kama nilivyoyasema, kisha utasema kwamba uliyageuza wewe. Hilo la pili ni lako, mimi simo." Habari ya harusi hakuigusa. Nikajua imekwisha.

Tukapiga simu ya video. Iqbal, ambaye alikwisha kurudi kwao, upande mmoja, mhariri wake, mwanamke wa makamo mwenye miwani, upande wa pili. Nikakiri kwanza. Halafu Bi Thuraya akaanza upya, nami nikafasiri nyuma yake bila ya kupunguza. Saba mara nane. Mbuzi. Nilipofika kwenye vitunguu, nilishangaa kuona nimenyoosha mgongo na natikisa kidole. Mhariri alivua miwani akacheka, kisha akaacha kucheka. Akasema kosa la pili ni lao, kwamba walichapisha bila ya kumtafuta mtu mwengine anayejua Kiswahili akisikilize kinasa sauti, na kwamba hilo wataliandika. Bi Thuraya akaniuliza amesema nini, nikamwambia. "Huyu kajibu alichoulizwa," akasema, na kutoka kwake hiyo ni sifa kubwa.

Masahihisho yakatoka Jumamosi: Bibi wa Oman Hajasema Anampenda Yeyote. Maneno yake yote, na chini yake jinsi yalivyopotoshwa na nani, na jinsi tovuti ilivyozembea. Jina langu liliandikwa zima, na la baba yangu. Watu wakayasambaza kuliko ile habari ya mwanzo. Iqbal akarudishiwa seneta wake.

Ijumaa iliyofuata, baada ya Magharibi, nyumba ilijaa. Ghanim na wanawe, majirani wa pande mbili, hata binamu wa Sur alikuja kwa gari na halwa. Nahla akaunganisha simu na televisheni. Mimi nilikaa mbele nifasiri. Seneta alikuwa anatetea kiti chake, na miaka sita nyuma aliuahidi mji mmoja mdogo maji safi. Iqbal akasimama, tai imekaa upande.

"Mheshimiwa, maji uliyowaahidi yako wapi?"

Seneta akashukuru kwa swali zuri. Akasema babu yake alikuwa mkulima.

"Babu!" akapiga kelele Bi Thuraya. "Muulize tena, mwanangu!"

Iqbal akauliza tena, kama aliyemsikia. Seneta akahamia kwa mpinzani wake, akapita kwenye bendera, akamnyooshea kidole mwandishi mwengine. Yule mwandishi, mwanamke aliyekaa nyuma, akasimama na kusema ana swali lake lakini atangoja, kwanza angependa kusikia jawabu la mwenzake. Ukumbi wetu ukalipuka kwa makofi. Wa tatu akasema vile vile. Seneta akanywa maji, jambo lililomchekesha binamu wa Sur mpaka akapaliwa na halwa. Akatazama karatasi zake, halafu akaziacha.

"Hatujaanza," akasema. "Mabomba hayajaanza kulazwa."

Nikafasiri. Vigelegele! Jirani mmoja alimkumbatia Ghanim kama timu imefunga. Bi Thuraya alikuwa anafuta macho na huku anacheka. "Kumbe anaweza," akasema. "Kumbe mtu anaweza."

Sijui nilipata wapi moyo. Huenda nilizoea wiki ile kusikia sauti yangu.

"Bi, safari yangu uliyoniahidi mwaka juzi iko wapi?"

"Mpe Ghanim halwa, haijamfikia."

"Imemfikia, anakula. Safari yangu iko wapi?"

"Tumu, watu wamejaa, magoti yangu..."

"Sikukuuliza magoti, Bi."

Ghanim akainamia halwa yake. Nikaikalia mikono yangu, nikauliza mara ya tatu.

Bi Thuraya aliwatazama wageni wake mmoja mmoja, hakuna aliyemsaidia. "Nnaogopa hutorudi," akasema taratibu. "Ndiyo maana. Sina sababu nyengine. Nimekuahidi na sikutimiza, na kosa ni langu." Kisha akauliza, "Utarudi?"

Nikaanza kumweleza gauni la Saliha, rangi yake, fundi aliyelishona.

"Sikukuuliza gauni."

Watu wakacheka. Mimi sikuweza kucheka, maana yule bibi alikuwa ananitazama kwa macho ya mtu anayetaka kujua kweli, na miaka minane si mchezo, na mimi pia nampenda.

"Sijui, Bi," nikamwambia. "Wallahi bado sijui."

"Ahsante," akasema Bi Thuraya.

Akamwambia Nahla atafute tiketi hapo hapo, mbele ya mashahidi, kabla yeye mwenyewe hajabadili nia. Nahla akaihamisha simu kutoka kwa seneta hadi kwenye ndege, na sote tukaitazama tarehe ikitokea kwenye televisheni, kubwa kama dirisha: Desemba kumi na mbili, ndege ya asubuhi. Binamu wa Sur akaanza kigelegele, nami nikakipokea.