Shamba la Mama Nice

Euphrasia, Mama Nice wa duka la vitenge pale Mtaa wa Kongo, Kariakoo, alikuwa na uongo mmoja tu, lakini alikuwa ameulea mpaka ukanenepa. Kila msimu wa zabibu alishuka Shimoni, chini ya soko kuu, asubuhi na mapema, akanunua kapu zima, akawagawia mashoga zake wawili.

"Za shambani kwangu Dodoma hizo," aliwaambia, huku akijipangusa vumbi ambalo halikuwepo.

Msimfikirie vibaya. Shobhana wa masufuria aliachiwa duka na baba yake. Zamzam wa manukato ana ghorofa Ilala, wapangaji wanamlisha bila yeye kuinua kidole. Euphrasia, Mchaga wa watu, alikuwa na fremu ya kupanga na mdomo. Kila jioni walikunywa chai pamoja, na habari za mali zao zilimuuma. Basi naye akajipatia shamba.

Agosti hii Shobhana akaja na tiketi tatu za treni ya umeme ya Dodoma. "Mama Nice, Jumamosi tunaenda kutembea! Tukalione shamba lako!"

Ijumaa Euphrasia akapatwa na malaria ya ghafla. Zamzam akamletea dawa, na khanga ya kujifunika njiani.

Hombolo, nje kidogo ya mji wa Dodoma, iliwapokea kwa upepo mkavu wa kupasua midomo. Ardhi nyekundu, miiba, vilima vya mawe, na katikati ya ukame wote ule mizabibu imejipanga kijani kibichi. Zamzam, na miwani yake mikubwa ya jua, alipiga picha kila kitu, hata mbuzi aliyekuwa akimtafunia pochi.

"Shamba la nani, mama?" aliuliza dereva wa bajaji.

"Twende tu, nitakuonyesha," alisema Euphrasia. Shamba la kwanza lilikuwa na watu. La pili lilikuwa na mbwa. La tatu lilikuwa kimya.

"Simama! Ni hapa."

Shobhana aliingia taratibu, akashika jani, machozi yakamlengalenga. "Mimi nauza masufuria yale yale aliyouza baba," alisema. "Wewe umeotesha kitu kwenye jangwa hili, bwana." Akamkumbatia. Euphrasia alitamani ardhi immeze, ila ardhi ya kule ni ngumu mno.

"Mnamtafuta nani?" Nyuma yao alisimama mama mmoja mtu mzima, jembe begani. Huyo alikuwa Evarista, na shamba lilikuwa lake.

"Shikamoo, mama," walisema wote watatu.

"Marahaba."

"Tumeletwa na mwenye shamba!" alisema Zamzam, akimsukuma Euphrasia mbele.

Evarista alimtazama kuanzia kilemba hadi viatu vya kung'aa. Euphrasia alimkonyeza, akamkonyeza tena, jicho likamwomba kila liliwezalo kuomba.

"Ahaa," alisema Evarista. "Mwenye shamba. Mbona umechelewa? Leo ndiyo zamu yetu ya maji, na mfereji umeziba." Akamkabidhi jembe.

Mwenye shamba akalima. Alizoa tope akiwa amevaa kitenge chake cha harusini, jua likimchoma utosi, viganja vikitoka malengelenge, huku Zamzam akimpiga picha na kumwambia atabasamu.

"Tena anafanya kwa mikono yake mwenyewe!" Shobhana alimwambia Zamzam. "Najivunia kuwa na shoga kama huyu."

Hapo Euphrasia akashindwa. Akatupa jembe. "Si langu! Sijawahi kuwa na shamba! Zabibu nanunua Shimoni!"

Zamzam akaangua kicheko. "Anatunyima zabibu! Uchaga umempanda!"

Ndiyo akili ya Kariakoo. Mtu akikwambia stoo hamna kitu, ujue anangoja bei ipande. Euphrasia aliapa kwa marehemu mama yake, akaapa kwa Nice, na kadiri alivyoapa ndivyo walivyozidi kushika mbavu.

"Jamani, makapu mawili tu, hatukufilisi!" alisema Zamzam.

Euphrasia akakaa chini kwenye tope akalia. Alilia kwa sauti, kamasi zikimtoka, maana aliona aibu kuliko siku yoyote ya maisha yake, na aliogopa kurudi mjini hana mtu wa kunywa naye chai.

Shobhana akaacha kucheka. Akamgeukia Evarista. "Mama, kweli shamba si lake?"

Evarista aliutazama mfereji. Ulikuwa umezibuliwa nusu tu.

"Ni lake," alisema, "mpaka huo mfereji uishe."

Shobhana akavua bangili, moja moja, akazitia kwenye pochi ya Zamzam, akakunja suruali.

"Mama," alimwambia Evarista, "una majembe mengine mawili? Shamba ni la shoga yetu hili."